Kushuka Mombo badala ya Moshi: mwongozo wa milima isiyo na msongamano

Ukipanda basi la Moshi au Arusha kutoka Dar es Salaam, ukishapita Korogwe ukuta wa milima unakaa mkono wako wa kulia kwa saa mbili au zaidi. Kwanza ni Usambara, halafu pengo la Mkomazi, kisha Upare hadi Same na mbele yake. Abiria wengi wa matembezi hawashuki huku. Wanaendelea mpaka Moshi, wakapange foleni kwenye malango ya Marangu na Machame pamoja na maelfu ya wapandaji wengine wa Kilimanjaro. Huu ni mwongozo wa anayetaka kushuka njiani, kama pale Mombo, mji wa barabara kuu unaopandia Lushoto.

Milima hii imo katika Tao la Mashariki, mnyororo unaoanzia Taita nchini Kenya na kuishia Udzungwa. Ni ya kale kuliko Kilimanjaro, na misitu yake imenyweshwa na mawingu ya Bahari ya Hindi kwa muda mrefu kiasi kwamba ina vyura, vinyonga na ndege wasiopatikana popote pengine duniani. Vilele vyake vingi viko chini ya mita 2,700, kwa hiyo ugonjwa wa mwinuko si tatizo kubwa. Kinachomkwamisha mgeni huku ni gari na mvua. Anayejua gari linaondoka saa ngapi na mvua itanyesha lini anasafiri kwa raha na kwa gharama ndogo. Asiyejua hulala stendi.

Gari hulala kijijini

Jambo hili ndilo linaloharibu safari nyingi, ingawa ni rahisi kulielewa. Mabasi na Noah za vijiji vya juu hazilali mjini. Zinalala kijijini, kwa sababu abiria wake ni wanakijiji wanaoteremka asubuhi kwenda sokoni, hospitali au ofisi za wilaya, na kurudi mchana. Gari linaondoka juu kati ya saa kumi na saa kumi na mbili alfajiri, linafika mjini asubuhi, linashinda stendi likikusanya watu na mizigo, kisha linapanda tena kuanzia saa sita au saa saba mchana. Ukifika Lushoto, Same au Muheza saa tisa alasiri, huenda gari la mwisho limeshapanda.

Kwa hiyo safari ya siku ya kwanza ipangwe kwa kurudi nyuma. Ukitaka kulala juu siku hiyohiyo, uwe mjini kabla ya saa tano asubuhi. Ukitoka Dar es Salaam hilo haliwezekani kwa basi la asubuhi, maana hadi Lushoto ni mwendo wa saa saba mpaka tisa. Panga kulala mji wa chini, na utumie jioni hiyo kukamilisha malipo ya kibali na kununua mahitaji. Siku ya kushuka, mwambie kondakta jana yake kwamba unasafiri, umpe jina lako na umwoneshe nyumba uliyolala. Huku kondakta huwagongea mlango abiria aliowaandika, na asiyeandikwa huachwa gizani.

Siku ya gulio hubadilisha kila kitu. Siku hiyo magari ni mengi kuliko kawaida, malori yanabeba watu, na kijiji ambacho huwa na gari moja kinaweza kuwa na manne. Mjini Lushoto soko huchangamka zaidi Alhamisi na Jumapili. Kwa kijiji kingine chochote, swali la kwanza kumuuliza mwenyeji wako kwa simu liwe: "Gulio lenu ni siku gani?" Panda siku hiyo ukiweza.

Usipande wala kushuka usiku. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 za lami, lakini ni kona mfululizo juu ya korongo la mto, na ukungu ukishuka dereva haoni ukingo. Kama basi limechelewa na umefika Mombo giza limeingia, lala palepale. Nyumba za wageni zipo kando ya barabara kuu, zina joto na mbu, na chandarua ni lazima.

Mvua ndiyo inayopanga tarehe

Masika ni Machi hadi Mei, na vuli ni Oktoba au Novemba hadi Desemba. Kati ya hizo mbili, masika ndiyo ya kuepuka. Udongo wa Usambara na Upare ni mwekundu wa mfinyanzi. Ukilowa unateleza kama sabuni, unaganda kwenye matairi ya bodaboda mpaka hayazunguki, na kwenye miteremko iliyokatwa kwa barabara unaporomoka wote kwa pamoja. Barabara ikifungwa na maporomoko unaweza kukaa juu siku mbili au tatu, kwa hiyo usipange kurudi kazini kesho yake.

Miezi salama ni katikati ya Juni hadi Septemba, na tena Januari na Februari. Juni na Julai kuna baridi kali kwa mtu wa pwani. Usiku Lushoto na Magamba hukaribia nyuzi 10 na hata chini yake, na ukungu unaweza kukaa hadi saa nne asubuhi. Januari ni joto zaidi, miti ya matunda imezaa, na anga baada ya vuli ni safi. Kwa anayekwenda kutazama mandhari, Januari na Februari zinashinda Julai.

Usidharau mvua ya mlimani hata kama mji wa chini ni mkavu. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe yaliporomoka kutoka Mlima Hanang, mkoani Manyara, hadi mji wa Katesh na kuua makumi ya watu. Mvua kubwa ikiwa imenyesha siku mbili mfululizo, usilale kwenye nyumba iliyo kwenye mdomo wa korongo, na usivuke kijito ambacho maji yake yamegeuka rangi ya kahawia ghafla. Rangi hiyo ina maana kuwa udongo umeshaanza kukatika juu yako.

Lushoto hadi Mtae kwa miguu

Kati ya njia zote, hii ndiyo ya kuanza nayo. Haihitaji hema, kila jioni unafikia kijiji chenye kitanda na chakula, na ukishindwa siku yoyote unatoka barabarani na kupanda gari. Inachukua siku tatu za kutembea, ya nne ya kukaa Mtae, na ya tano ya kurudi. Kwa barabara ni zaidi ya kilomita 60, lakini njia za miguu zinakata kona nyingi.

Lushoto iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Wajerumani waliiita Wilhelmstal na wakaifanya mji wa kukimbilia joto la pwani. Ukifika mchana, usikae chumbani. Tembea hadi Irente, kilomita 5 au 6 kutoka mjini, mahali mlima unapokatika ghafla na chini yake, karibu mita 1,000, kuna Mazinde na nyika ya Wamasai. Mwendo ni saa moja na nusu kwenda. Matembezi haya yana kazi nyingine: yanapima viatu vyako. Kiatu kitakachokuchubua kitaonyesha dalili hapa, wakati bado duka la plasta liko karibu. Njiani kuna shamba la Irente la kanisa la Kilutheri, KKKT, wanakouza mkate, jibini na jamu vya kwao. Nunua vya kesho.

Siku ya kwanza ni Lushoto hadi Lukozi kupitia msitu wa Magamba, mwendo wa saa sita hadi saba. Magamba ni hifadhi ya mazingira asilia na ndio msitu mkubwa wa asili uliobaki Usambara Magharibi. Bila kibali na mwongozaji usiingie. Ondoka saa moja asubuhi. Ndani ya msitu tembea polepole na utazame juu: mbega weusi wenye manyoya meupe mabegani huonekana asubuhi, na ikifika saa tano wanatulia kwenye majani. Vinyonga hukaa kwenye vichaka vya ukingoni kuliko katikati ya msitu. Watoto watakuja na kinyonga kwenye kijiti wakitaka hela. Usiwape hela kwa hilo, hata mia tano, na usimguse mnyama. Kila anayelipa ananunua kinyonga wa kesho, na wengi hufa baada ya kushikwashikwa siku nzima.

Ukitoka msituni dunia inabadilika. Lukozi ni soko la mboga. Jioni malori hupakiwa kabichi, karoti, viazi na matenga ya nyanya kwa ajili ya Dar es Salaam, na vijana wanarushiana kabichi moja moja kutoka chini hadi juu ya shehena bila kudondosha. Ni mahali pazuri pa kula na pabaya pa kulala mapema, maana kelele za malori huendelea usiku. Omba chumba cha nyuma.

Siku ya pili ni Lukozi hadi Rangwi, mwendo wa saa tano au sita, karibu yote katikati ya mashamba. Hapa ndipo watu hupotea. Msituni njia ni moja, lakini mashambani ziko hamsini, na kila moja inaishia kwenye shamba la mtu. Pakua ramani kwenye simu kabla ya kuondoka Lushoto, maana mtandao unapatikana mgongoni mwa mlima na kukatika mabondeni. Ukiuliza njia, usiulize kama ni mbali. Utajibiwa "hapo tu", na hapo tu ya mtu aliyezaliwa mlimani inaweza kuwa saa mbili. Uliza hivi: "Nikitembea sasa nitafika kabla ya adhuhuri au baada?" Jibu lake huwa la kweli.

Rangwi kuna nyumba ya masista wa Kikatoliki wanaopokea wageni. Piga simu au tuma ujumbe kupitia mwongozaji wako siku moja kabla, ili wajue idadi ya watakaokula, na fika kabla ya jua kuzama. Ni nyumba ya sala. Pombe, muziki wa simu na kaptura hazifai hapo, na chakula cha jioni huliwa kwa saa iliyopangwa.

Siku ya tatu ni ngumu kuliko zote, saa sita hadi saba, na jua halina kivuli. Beba maji lita tatu. Mtae umejengwa juu ya mgongo mwembamba wa mlima, nyumba zimepangana kando ya njia moja, na pande zote ardhi inashuka. Ukisimama ukingoni unaona tambarare ya Mkomazi chini na milima ya Upare upande wa pili, na Kilimanjaro ukijaliwa. Ukijaliwa, maana mlima huo huonekana alfajiri kabla ya saa mbili na mara nyingi hufunikwa siku nzima iliyobaki. Anayefika Mtae saa kumi jioni na kuondoka na basi la alfajiri hatauona. Lala usiku mbili. Asubuhi ya kwanza jifunike shuka, toka nje saa kumi na moja na nusu, na subiri hata kama ukungu umekujaa usoni. Ukungu huo hukaa chini ya mgongo wa mlima, na jua likichomoza hushuka kama maji yanayotolewa kwenye beseni.

Mtelemko ndio unaoumiza, kuliko mpando. Kata kucha za miguu kabla ya safari. Ukianza kushuka, fungua kamba za viatu, piga kisigino chini ili mguu urudi nyuma, kisha kaza kamba sehemu ya kifundo na ulegeze kidogo sehemu ya vidole. Usipofanya hivyo vidole vitagonga mbele kwa saa tatu, na kesho yake kucha ni nyeusi. Kwenye udongo uliolowa usikanyage katikati ya njia iliyolainishwa na miguu ya watu. Kanyaga ukingoni kwenye nyasi, na uwe na fimbo.

Kibali, mwongozaji na ofisi ya kijiji

Misitu mingi ya milima hii iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, yaani TFS. Udzungwa na Kitulo ni hifadhi za taifa chini ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa. Kwa zote mbili fedha taslimu hazipokelewi getini. Unapewa namba ya malipo, ile ambayo wengi huiita kontroli namba, na unalipa kwa simu au benki. Tatizo liko wazi: geti liko msituni na mtandao uko mjini. Nenda ofisi ya hifadhi mjini siku moja kabla, chukua namba, lipa, hifadhi picha ya risiti kwenye simu na namba yake iandike kwenye karatasi. Ofisi za serikali hufungwa Jumamosi na Jumapili, kwa hiyo anayefika Ijumaa jioni akitarajia kuingia msituni Jumamosi awe amempa mwongozaji kazi hiyo mapema.

Beba kitambulisho cha taifa. Mwananchi hulipa sehemu ndogo ya anacholipa mgeni, na kwenye hifadhi za taifa raia wa nchi za Afrika Mashariki pia wana kiwango cha chini, lakini bila kitambulisho au pasi huwezi kudai kiwango hicho.

Mwongozaji achukuliwe ofisini au kupitia nyumba ya wageni. Anayekufuata stendi na kukushika begi usimchukue. Kabla hamjaondoka, taja mbele yake bei ya siku, siku ngapi, nani analipia chakula na kitanda chake, nani analipa nauli yake ya kurudi, na kama kibali kimo ndani ya bei au la. Ugomvi mwingi wa siku ya mwisho unatokana na nauli ya kurudi. Lipa nusu mwanzoni na nusu mwishoni.

Ukilala kijijini pasipo na nyumba ya wageni, nenda ofisi ya kijiji kabla ya kufungua mzigo. Msalimie mtendaji au mwenyekiti, jiandikishe kwenye kitabu cha wageni, ueleze unatoka wapi na unakwenda wapi. Si urasimu mtupu. Ukiumia au ukichelewa, hao ndio watakaotuma vijana kukutafuta. Wazee waamkie kwa shikamoo, na omba ruhusa kabla ya kupiga picha mtu, nyumba au kaburi.

Upare: Same, Chome na Mbaga

Aliyekwisha kuona Lushoto na kukuta bado kuna wageni wengi mno, aende Upare Kusini. Huku unaweza kutembea siku mbili bila kukutana na mgeni mwingine. Kilele cha Shengena kina mita 2,462 hivi na ndicho kirefu kuliko vyote vya Upare. Kimo ndani ya hifadhi ya mazingira asilia ya Chome, na vibali hupangwa Same mjini.

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kupanda gari la mchana kutoka Same hadi kijiji cha Chome, kulala hapo, na kupanda kileleni asubuhi na kurudi jioni. Ni njia fupi na ndiyo inayofaa wengi. Ya pili ni kupitia Mbaga, upande wa mashariki, ambako mpando ni mrefu na unataka siku mbili pamoja na hema. Mbaga penyewe panafaa hata kwa asiyepanda kilele: kuna vijito, mashamba ya migomba yaliyopangwa kwa matuta, na mifereji ya maji ambayo Wapare wameichimba na kuitunza kwa vizazi. Usikanyage kingo za mifereji hiyo. Ukibomoa kipande cha ukingo, shamba la chini linakosa maji zamu yake.

Chakula cha huku ni makande, na mtu anayetembea mlimani hana chakula bora zaidi ya hicho. Yanachemka muda mrefu, kwa hiyo agiza asubuhi ule jioni. Ukifika saa mbili usiku na kutaka makande, utapewa chai na maandazi.

Uluguru kwa mwisho wa wiki

Kwa mkazi wa Dar es Salaam mwenye Jumamosi na Jumapili tu, jibu ni Morogoro, mji ulio chini ya milima ya Uluguru. Tangu Juni 2024 treni ya SGR, yaani reli ya kisasa, inafika Morogoro kwa chini ya saa mbili, na hilo limebadilisha hesabu yote. Kituo kiko nje ya katikati ya mji, ongeza nusu saa ya bajaji.

Matembezi ya kwanza ni Morningside, nyumba ya zamani ya Wajerumani iliyo mita 1,300 hivi, wakati mji uko karibu mita 500. Mpando ni saa mbili hadi tatu kwa kufuata bonde la Mto Morogoro. Wengi huondoka saa nne baada ya kunywa chai taratibu, na wanaungua njiani. Ondoka saa kumi na mbili. Kutoka Morningside wenye nguvu huendelea hadi Bondwa, kilele chenye minara ya mawasiliano, lakini juu ya mashamba unaingia hifadhi ya Uluguru na hapo kibali ni lazima.

Penye utulivu zaidi ni Mgeta, upande wa magharibi wa milima. Magari hutoka Morogoro mjini, yakipita Mlali, hadi Nyandira. Barabara ni nzuri chini na mbaya juu. Huko kuna matuta ya mboga yaliyoinuka kama ngazi mpaka ukingo wa msitu, mbuzi wa maziwa kwenye mabanda yaliyoinuliwa, na maporomoko ya Hululu karibu na Bunduki. Kumbuka kwamba Mto Ruvu, unaoinywesha Dar es Salaam, unaanzia katika milima hii. Usioge kwa sabuni kwenye kijito, na usiache nepi wala chupa.

Kwingine, kwa ufupi

Amani, Usambara Mashariki, ni ya wapenda ndege, mimea na vipepeo. Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti hapo mwaka 1902, na bustani yake ya miti bado ipo. Njia ni Muheza hadi lango la Sigi, kisha mpando hadi Amani, na gari hutoka Muheza mchana. Anayetoka Mombasa kupitia Lunga Lunga na Horohoro hana haja ya kufika Dar: Tanga hadi Muheza ni karibu. Mvua huku hunyesha hata miezi inayoitwa mikavu.

Taita ni ya Wakenya wanaopita Voi kila mwaka wakielekea pwani. Panda matatu ya Wundanyi kupitia Mwatate, lala Wundanyi, na asubuhi nenda msitu wa Ngangao, mdogo lakini una ndege ambao ni wa Taita peke yake. Kilele cha Vuria kina mita 2,208.

Kitulo, Nyanda za Juu Kusini, ina kanuni iliyo kinyume na yote yaliyotangulia: nenda wakati wa mvua. Maua huchanua kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na wenyeji huiita Bustani ya Mungu. Ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 2005 kwa ajili ya mimea yake, zikiwemo aina 45 za okidi za ardhini. Kutoka Chimala, kwenye barabara kuu ya Mbeya, barabara ya Matamba inapanda kwa kona 57, na zinahesabika. Tafuta gari lenye matairi mazima, na ukiona mvua imeanza ukiwa Chimala, subiri kesho. Ukiuziwa chakula kiitwacho chikanda, jua kuwa kimetengenezwa kwa viazi vya okidi hizohizo ulizokuja kuzitazama, vinavyochimbwa na kuvushwa Zambia. Usinunue.

Begi na maji

Begi lisizidi kilo 8. Ndani yake: koti la mvua linalofunika hadi magotini, sweta moja nzito, suruali mbili, soksi jozi nne, kofia, tochi ya kichwani, pawabenki, plasta, dawa ya kuhara na chumvi za kurudisha maji mwilini, chumvi ya kula ya kuwapaka ruba kama watakupata msituni, na mfuko wa plastiki mzito wa kufungia nguo. Mwavuli ni mzuri mjini lakini mlimani upepo unaugeuza. Msimu wa mvua, gambuti za sokoni zinashinda viatu vya gharama, ila vaa soksi mbili.

ATM ziko mji wa chini. Vijiji vikubwa vina wakala wa simu, lakini wakala huishiwa fedha taslimu, hasa kabla ya gulio. Toka mjini na fedha ya siku zote ikiwa noti za elfu moja, mbili na tano.

Kuhusu maji, watu wengi wanaamini kuchemsha kunatosha. Kuchemsha huua vijidudu, lakini mabonde ya Lukozi na Mgeta hupulizia mboga dawa, na dawa hiyo haiondoki kwa moto. Chota maji juu ya mashamba, yaani kwenye bomba la kijiji linalotoka msituni, kisha chemsha. Kama hujui bomba linatoka wapi, muulize mama yeyote mwenye ndoo kichwani.

Siku ya kurudi Dar kutoka Lushoto, acha nafasi kwenye begi. Kati ya Desemba na Februari, Lushoto na Soni huuza plamu na pichi kwa ndoo ndogo. Chagua ngumu, zenye rangi lakini zisizobonyea kidoleni, zipange kwenye boksi pamoja na magazeti, na boksi likae miguuni mwako. Ukiliweka kwenye buti la basi, utafika stendi ya Mbezi na uji.